Mguu Uliovimba Asubuhi

Nimeombwa niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuzungukia wazee majumbani, nami nimekubali kwa sharti moja: msitarajie nijisifu. Nilifanya makosa mengi, na mengine niliyafanya kwa furaha kubwa, huku nikiimba. Hili nitakalowasimulia nusura limpotezee bibi mmoja mguu wake, na mpaka leo nikilikumbuka hushusha pumzi kana kwamba nimeponea jana.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mbichi, na pande zetu zote, tangu Kendu Bay hadi mpaka wa Tanzania, zilikuwa wilaya moja. Mimi ni mtoto wa Kendu Bay, nimelelewa katika nyumba ya Wasabato, nyumba ya sala asubuhi na jioni. Nilifunzwa kufunga vidonda, kuosha wagonjwa na kupima joto, kisha nikapewa baisikeli na orodha ya majina. Yote yalikuwa ya wazee. Watoto wachanga na akina mama wajawazito walikuwa na watu wao. Wazee hawakuwa na mtu. Walioniona nikipita waliniita Sista, ingawa sikuwa nesi, na sikuwahi kuwakatalia.

Aliyenifunza kazi hasa ni Dresa Okumu wa dispensari yetu, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa amefunga vidonda vya watu tangu ile vita kuu ya pili. Ukiharibu kazi hakukugombeza. Alikohoa tu, nawe ulijua. Alinifunza kwamba bendeji ya mguu huanzia kwenye vidole na kupanda juu, kamwe haianzii kwenye kidonda, na kwamba ukimaliza upenyeze kidole kimoja chini yake. Kikipita kwa shida kidogo, umefunga vizuri. Kisipopita kabisa, umemnyonga mtu mguu. Bendeji zenyewe hazikutupwa. Tulizifua, tukazichemsha, tukazianika, kisha tukakaa kwenye benchi tukiziviringisha juu ya paja. Ninyi siku hizi mnafungua pakiti, mnatumia, mnatupa. Siwaonei wivu, lakini ile saa ya kuviringisha bendeji ndiyo iliyokuwa shule yangu, maana hapo ndipo Okumu alipouliza maswali yake.

Kabla sijafika kwa bibi mwenyewe, niwape kosa dogo kwanza. Nilitumwa Muhuru Bay kwa siku chache kusaidia huko, nikamkuta mzee mmoja aliyewahi kuwa mvuvi, amekonda sana. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba njugu ni chakula cha nguvu. Nikamwambia, "Babu, uwe unatafuna njugu, konzi mbili kila siku." Mzee akanitazama, kisha akafungua mdomo taratibu nione vizuri. Meno sita ya mbele ya chini hayakuwepo. Yalitolewa ujanani, kama ilivyokuwa desturi kwa Wajaluo wa rika lake.

"Basi wewe Sista utakuwa unanitafunia," akasema. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, karibu na pale walicheka mpaka wakaketi chini.

Aibu yangu haikuwa kutojua. Babu yangu mzaa baba hakuwa na meno hayo, na nilikuwa nimekula naye sahani moja tangu utoto. Nilisoma daftari, nikasahau macho yangu nyumbani. Tukazitwanga zile njugu, tukazitia kwenye uji, na mzee akanenepa kidogo. Mngedhani nimejifunza.

Sasa Dani Awino. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu, na boma lake lilikuwa nje kidogo ya Rangwe. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, kipana kama kiganja, cha mwaka wa pili. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari mkubwa wa wilaya. Daktari aliutazama ule mguu, akaubonyeza, akasema maneno ambayo niliyakariri kama aya: afungwe bendeji kila siku, mguu uinuliwe juu alalapo na akaapo, ale vizuri. Wiki sita. Kama kidonda hakitakuwa kimeanza kufunga, mguu utakatwa kabla haujammaliza.

Nilimtafsiria. Dani akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, maana mbele ya watu wa serikali alikataa kabisa kusema Kijaluo, "Mguu ikienda, nani atanishukia mtoni kuchukua udongo?"

Nikaapa moyoni kwamba mguu ule haukatwi.

Kule kwake hapakuwa na mtu wa kumfunga bendeji kila siku, na siku moja ya baisikeli isingenitosha kwenda na kurudi. Nikafikiri, nikapata ufumbuzi, na jinsi nilivyoupenda ufumbuzi ule! Binti yake wa pekee, Mama Okoth, alikuwa ameolewa palepale Kendu Bay, mwendo wa dakika kumi kutoka dispensari. Mume wake alikuwa Mzee Elkana, mchuuzi wa samaki na mzee wa kanisa letu. Nyumba ilikuwa ya bati, vyumba vitatu, safi. Ningetaka nini zaidi?

Nikaenda kumwomba. Elkana alikuwa ameketi barazani akisoma Biblia. Nilipomweleza, niliona ameshika ukurasa bila kuufungua wala kuuacha. Mwishowe akasema, "Karibu. Nyumba ya mtumishi wa Bwana haifungwi kwa mgonjwa."

Mke wake alinisindikiza hadi njiani. Alikuwa anapindapinda ncha ya leso yake. "Sista, sasa mama atalala wapi?"

"Kitandani!" nikamjibu, nikacheka. "Kwani wewe ulitaka alale wapi?"

Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi. Ninyi mnaosoma mkiwa Wajaluo mmeshaanza kushika vichwa. Wengine nitawaeleza, kwa kuwa nami ilibidi nielezwe kama mgeni: kwa desturi ya kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake, wala hali chakula ndani ya boma lake hivi hivi tu. Mpaka kufanyike ziara rasmi, aje na wanawake wa kwao na vikapu vya chakula, na ziara ya Dani haikuwahi kufanyika. Mkwe naye humkwepa mama mkwe njiani, kwa heshima. Nilijua habari hizi kama nilivyojua habari za meno. Lakini nilikuwa nimemsikia Elkana kwa masikio yangu, Sabato baada ya Sabato, akigonga meza ya kanisa na kukemea mila: "Ndugu zangu, tulishatoka gizani!" Nilimwamini. Kwangu mimi mtu aliyebatizwa alikuwa ameyaacha yote hayo majini.

Nilimleta Dani kwa basi na kifurushi chake cha unga. Nikamkaribisha kwenye nyumba isiyo yangu, nikamwonyesha kitanda, nikakiwekea matofali upande wa miguu ili miguu ikae juu, nikaimba pambio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Huyu mwenyeji wetu hakungoja kupona. Jioni hiyohiyo Elkana alipanda basi, akasema anakwenda Muhuru Bay kununua omena.

Wiki ya kwanza nilifunga bendeji kila siku nikiwa na matumaini. Wiki ya pili nikaanza kukohoa kama Okumu. Kidonda kilikuwa kinatoa maji zaidi, kingo zake zimekuwa za kijivu, na mguu umevimba hata ngozi inang'aa. Dani mwenyewe alikuwa anakonda. Nilimuuliza kama anakula, akasema anakula. Nilimuuliza kama analala, akasema analala. Kama mguu unawekwa juu? Akasema, "Iko sawa, nyathina," yaani mwanangu, kisha akatazama pembeni. Mama Okoth alikuwa akisimama mlangoni na kuondoka. Elkana hakurudi, Sabato ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na mchungaji akatutangazia tumwombee ndugu yetu aliyeko safarini kibiashara.

Nikabadilisha dawa. Nikaosha kwa ile dawa ya zambarau, nikajaribu kufunga kwa kukaza zaidi, nikajaribu kulegeza. Nikampa vidonge vya kuongeza damu. Wiki ya tatu ilipokwisha nilishaanza kuota msumeno wa daktari. Nilikuwa na hofu, na nitawaambia ukweli, nilikuwa na hasira na Dani pia. Nilidhani ni mkaidi. Mkianza kumkasirikia mgonjwa, jueni mmekwama ninyi.

Alasiri moja nilikuwa kwenye benchi na Okumu, tunaviringisha bendeji. Nikamlalamikia kila kitu. Akaendelea kuviringisha. Kisha akauliza, "Unavimba zaidi saa ngapi? Asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi," nikasema. "Nikienda asubuhi bendeji ya jana imeuma nyama. Nikienda jioni, nafuu kidogo."

Mikono yake ikasimama. "Nyar misheni," akasema, yaani binti wa misheni, jina alilonitania nalo, "mguu wa mtu anayelala hupungua usiku. Huo wako unaongezeka. Huyo mama halali. Huyo anakaa."

"Anakaa wapi?"

"Mimi niko hapa. Nenda mapema ukaone."

Kesho yake nilifika jua likiwa linachomoza tu. Sikubisha hodi mbele. Nilizunguka nyuma, palipokuwa na jiko la nje, kibanda cha nyasi. Dani Awino alikuwa mlangoni mwa jiko, ameketi juu ya kigoda kifupi, nusu ndani nusu nje, blanketi mabegani, mgongo kwenye mwimo, na miguu yote miwili inaning'inia chini. Alikuwa amesinzia mdomo wazi. Umande ulikuwa umemlowesha magoti. Usiku wa ishirini na ngapi huo, sikuthubutu kuhesabu.

Alipofungua macho hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyechoka kuficha.

"Dani, kitanda kiko ndani!"

"Kitanda ni ya mkwe."

"Lakini mkwe mwenyewe hayupo! Yuko Muhuru Bay!"

"Paa yake iko," akasema.

Nikachuchumaa pale. Mama Okoth alitoka, na aliponiona aliacha ndoo, akaanza kusema yote kwa pamoja. Mchana mama hujinyoosha mkekani chini ya mti, lakini usiku hukesha hapo ameketi, asilale chini ya paa la mkwe. Mama hali ndani ya ua. Unga aliokuja nao uliisha wiki ya kwanza. Tangu hapo, kila chakula hubebwa mpaka barabarani, na mama hujikokota kwa mguu ule hadi nje ya ua ndipo apate tonge, na siku mguu ukimzidi hali kabisa. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wangekuja Kendu Bay waone mwenye njaa aliyekuwa na miiko yake yote.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Dani. Nilikuwa nalia tayari.

Alinipapasa kichwa kama mtoto wake. "Siku ile ulikuwa umefurahi sana, nyathina. Na huyu bwana ni mtu wa kanisa. Nikisema, nitamwaibisha mbele ya watu yake. Mguu ni yangu. Aibu ingekuwa ya watoto."

Sijawahi kuchapwa kofi likaniuma kama maneno hayo. Mwanamke huyu alikuwa tayari kupoteza mguu ili asiniharibie furaha na asimvunjie mkwe heshima, na mimi nilikuwa nimemwita mkaidi.

Wiki tatu zilikuwa zimebaki. Kumrudisha Rangwe kulimaanisha kukosa bendeji. Kumwacha pale kulimaanisha msumeno. Nilihitaji paa lolote la Kendu Bay ambalo si la mkwe wake wala la ndugu wa mkwe, na mji ule kila mtu ni ndugu wa mtu. Nikapitia orodha yangu ya wazee nikiwa nimeegemea baisikeli, na kidole kikasimama kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa ajuza wa Kiislamu upande wa mji wa zamani, mjane wa mwenye duka, asiye na mtoto. Nilimtembelea kila Jumatatu kwa sababu ya macho yake, ingawa ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kukosa wa kuzungumza naye. Nilihofu kidogo: mimi Msabato, naye Mwislamu, na mgonjwa ni mfinyanzi asiyejua mlango wa kanisa wala wa msikiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Mwanangu, mbona wasimama kama mdai?" akasema. "Kitanda cha marehemu kipo, mwaka wa nne huu chalaliwa na paka. Mlete mwenzangu. Asile kwa mkwe wake, astahi. Kwani mimi ni mkwe wa nani?"

Tulimbeba Dani kwenye kiti, watu wanne, saa nne ya asubuhi, mji mzima ukitazama. Nikahamisha matofali yangu, nikainua kitanda. Bi Zuhura akamwekea wali na samaki, na Dani akala bila kusema neno, akapangusa sahani kwa kidole. Akalala adhuhuri. Nilipopita jioni alikuwa amelala. Asubuhi nikarudi, Bi Zuhura akanipokea mlangoni na uso wa wasiwasi: "Hajaamka huyu." Nilikimbia ndani nikijua nimeua mtu. Nikamshika kifundo cha mkono, na Dani akafungua jicho moja. "Sista," akasema, "hata kulala unakataza?"

Niliketi sakafuni nikacheka hadi machozi. Nikafungua bendeji. Ilikuwa imelegea. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imelegea asubuhi, na ngozi ya mguu ilikuwa na mikunjo, mikunjo mizuri ya mguu wa kizee. Nilikimbia na habari hiyo hadi dispensari, nikamsahaulia Bi Zuhura mlango wazi na kuku wakaingia.

Elkana alirudi kutoka Muhuru Bay siku ya tatu baada ya Dani kuhama, bila hata gunia moja la omena. Alinijia dispensari, akasimama nje ya dirisha, kofia mkononi. "Mwanangu," akasema, "mimi ni mzee wa kanisa nikakosa ujasiri wa kusema neno moja la hapana. Nilijua. Nilijua toka siku ile ulipokuja. Nilisema karibu kwa sababu ya mahubiri yangu, halafu miguu yangu ikakimbia kwa sababu ya mila." Nami nikamwambia kwamba nilijua pia, ila nilikataa kujua, kwa hiyo tugawane. Tangu siku hiyo, kila asubuhi palikuwa na samaki wawili wabichi aina ya ngege kwenye kizingiti cha Bi Zuhura, wamefungwa kwa ukambaa, na hapakuonekana aliyewaweka.

Wiki ya sita tulirudi kwa daktari. Aliutazama mguu, akaangalia karatasi yake, akautazama tena. Kidonda kilikuwa kimebaki upana wa sarafu, chekundu, safi. "Hapa hakuna cha kukata," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine kana kwamba si jambo. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Dani ndiye aliyenishika mkono mimi.

Ninyi mtafunzwa mengi kuliko tuliyofunzwa, na ni vyema. Dawa zenu ni bora. Ila kabla hujaandika kwamba mgonjwa hana hamu ya chakula, muulize anakula chini ya paa la nani. Na mtu akikuuliza mama yake atalala wapi, usicheke.

Alikaa kwa Bi Zuhura mwezi mwingine mzima, kidonda kikafunga kabisa, na nadhani siku za mwisho alikuwa anabaki kwa ajili ya mazungumzo tu. Siku ya kurudi Rangwe nilimsindikiza kituoni. Basi lilikuwa linapakiwa mizigo juu, na nilipozunguka nikamwona Elkana upande wa pili, amesimama karibu na gurudumu la nyuma, amegeuza uso ziwani kwa adabu. Dani naye alikuwa amemwona viatu chini ya basi. Akanishika mkono, akapaza sauti, akinitazama mimi:

"Sista! Mwambie yule bwana wa ngege, mguu imepona. Mwambie samaki ilikuwa tamu. Mwambie binti yangu ameolewa kwa mtu."

Kisha kutoka upande wa pili wa basi, sauti ya mhubiri, ile ya kugonga meza, safari hii ikikwamakwama:

"Sista, mwambie mama yangu nimesikia. Mwambie anisamehe."

Wasafiri wote walikuwa wamesikia, hata kondakta aliyekuwa juu ya paa na mizigo. Lakini kazi ni kazi. Nikazunguka mbele ya basi hadi kwa Elkana, nikamwambia kwamba mama amesema mguu umepona, na samaki walikuwa watamu, na binti yake ameolewa kwa mtu mwenye utu. Nikazunguka tena kurudi, nikamwambia Dani kwamba mkwe amesikia, na anaomba msamaha. Akatikisa kichwa kukubali, akashika chuma cha mlango, akatanguliza mguu wa kushoto kwenye ngazi, akapanda mwenyewe.